Nilivyomtoa Mtani Wangu kwenye Orodha ya Mafundi

Zuhura, ambaye sasa ndiye msimamizi wa orodha yetu ya barua pepe, amenipigia simu mara tatu tangu nistaafu. Mara ya kwanza alinisalimia tu. Mara ya pili aliuliza nimeweka wapi ufunguo wa stoo. Mara ya tatu akasema, "Baba, vijana wapya wanaingia kwenye orodha, wanazikuta kanuni zetu, wanadhani zilishuka na mvua. Waandikie zilitoka wapi."

"Zilitoka kwenye kosa langu," nikamwambia.

"Hilo ndilo ninalotaka uandike."

Basi naandika. Habari za vyeo nitaziacha, hazijazi hata ukurasa. Nataka kueleza jinsi nilivyomtoa kwenye orodha fundi bora kuliko wote tuliokuwa nao, mtu aliyekuwa pia rafiki yangu, na jinsi kumrudisha kulivyonichosha kuliko kisima chochote nilichowahi kufungua. Mafundi vijana, someni polepole. Wengine wenu mtakuja kuwa wasimamizi.

Nilianza kazi ofisi ya maji mara baada ya kumaliza kidato cha nne. Nilikabidhiwa kwa Mzee Jumanne, fundi wa visima, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa asiyependa kuulizwa swali mara mbili. Siku ya kwanza tulikwenda kijiji kimoja upande wa Mtinko ambako bomba la mkono lilikuwa limeacha kutoa maji. Nilibeba spana zote nikidhani hiyo ndiyo kazi. Tulipofika, Mzee Jumanne hakugusa bomba. Alikaa kwenye jiwe akaanza kuwauliza akina mama: maji yalianza kupungua lini, asubuhi yanatoka mengi kuliko jioni au sawa, yameongezeka chumvi au yako vilevile? Nilisimama na spana zangu mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwishowe tukafungua kichwa cha bomba. Mzee akatoa begini kamba ndefu yenye mafundo, fundo moja kwa kila mita, na mwisho wa kamba imefungwa nati nzito. Akaishusha kisimani, akainamisha sikio.

"Umesikia?"

Sikuwa nimesikia kitu.

"Basi leo kazi yako ni kushusha kamba mpaka usikie."

Nilishusha na kupandisha kamba ile mpaka mchana, akina mama wakinicheka waziwazi, ndipo nikasikia nati ikigusa maji huko chini, sauti ndogo kama mtu anayemeza mate. Tulipokuwa tunarudi Mzee Jumanne aliniambia, "Pima maji kwanza. Pampu itakudanganya, waya utakudanganya, hata mwenyekiti wa kijiji atakudanganya. Maji yapo au hayapo." Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza, na kama nitakavyoeleza, niliyasahau siku niliyoyahitaji.

Miaka ilikwenda. Nilifanya kazi Mgori, Ikungi, Manyoni, nikalala kwenye madarasa ya shule na vyumba vya wageni vya makanisa. Zilipoanza kuingia pampu za umeme wa jua tulipelekwa mafunzoni, na huko ndiko nilikokutana na Msengi.

Mimi ni Mnyaturu. Msengi ni Mnyiramba wa Kinyangiri. Kwetu hilo peke yake linatosha kuruhusu matusi. Siku ya kwanza ya mafunzo, wakati wa chakula, alikaa karibu yangu, akaniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu. Hakuuliza jina. Alinyoosha mkono akachukua nyama yote iliyokuwa kwenye sahani yangu.

"Mtumwa wangu atakula baadaye," akasema huku akitafuna.

"Kula," nikamwambia. "Wanyiramba nyama mnaijua kwa harufu tu. Sitaki ufe na hamu."

Meza nzima ikacheka, na tangu hapo tukawa marafiki. Kwa vijana waliokulia mjini: mtani hakukasirikii na wewe humkasirikii. Atakuita mtumwa, mwizi, mchawi, na siku ukifiwa ndiye wa kwanza kufika, anakutania hata pale msibani mpaka unasahau kulia. Hakuna anayefundishwa haya. Tunakua nayo.

Msengi alikuwa fundi ambaye sijaona mwingine kama yeye. Alikuwa anajua visima kama mfugaji anavyojua ng'ombe. Ungemtajia kijiji akakwambia kisima chake kina tabia gani mwezi wa kumi.

Mafunzo yalipoisha, mwalimu aliyekuja kutufundisha alitufungulia orodha ya barua pepe. Mtu mmoja akiandika swali, linawafikia mafundi wote, na majibu yote yanahifadhiwa, ukitaka kuyatafuta mwakani utayakuta. Baadaye yalikuja makundi ya simu, yenye picha za maua na salamu za asubuhi, lakini jaribu kutafuta humo jibu la miaka mitatu iliyopita. Orodha yetu ilikuwa hazina. Mafundi wa Iramba, Mkalama, Itigi na hata mikoa ya jirani walijiunga. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, sijui kwa nini watu walidhani mwandiko unahusika na kompyuta, nilichaguliwa kuwa msimamizi.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa na furaha. Fundi anauliza usiku, asubuhi anakuta majibu matano, na katikati ya majibu kuna mimi na Msengi. Mimi nikieleza jinsi ya kuunga waya, yeye ataandika: "Maelezo ni mazuri. Lakini angalieni, Mnyaturu akiona waya mwekundu na mweusi anachagua ule unaofanana na ng'ombe wake." Nami namjibu: "Wanyiramba walipewa spana wakazitundika sebuleni kama picha za harusi." Halafu Msengi, baada ya kunitukana kwa mistari miwili, anatoa jibu la ukurasa mzima, hatua kwa hatua, ambalo limeokoa pampu nyingi. Watu waliniambia walikuwa wanafungua barua pepe kwa ajili ya matusi, na ufundi ukawaingia wakiwa wanacheka.

Kisha tukaongezeka. Akajiunga mwalimu wa chuo cha ufundi kutoka nchi jirani, Mwalimu Otieno, mtu mstaarabu. Baada ya wiki mbili aliniandikia peke yangu: "Ndugu Msimamizi, naona fundi mmoja anawaita wenzake watumwa, akitaja na kabila lao. Je, jambo hili linakubalika kwenu?"

Swali lilikuwa zuri na jibu lilikuwa rahisi. Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini niliona aibu. Niliona kama mgeni amekuta nyumba haijafagiwa. Na mwezi uleule nilikuwa nimetoka kwenye semina tulikoambiwa kila orodha ya kitaalamu iwe na kanuni za mwenendo, tukapewa na mfano. Nikajifungia ofisini, nikauchukua ule mfano, nikaongeza ya kwangu, nikatoka na kanuni kumi na mbili. Sikumuuliza mtu. Ya tatu ilisema ni marufuku kudhihaki kabila la mwanachama. Ya saba ilisema uamuzi wa msimamizi haujadiliwi. Hiyo ya saba haikuwa kwenye mfano wa semina. Niliitunga mwenyewe, na naikumbuka kuliko zote.

Nilizituma Jumatatu. Jibu la kwanza, na la pekee, lilitoka kwa Msengi.

"Kanuni kumi na mbili! Musa alishuka mlimani na kumi tu. Hizo mbili za ziada ni za Kinyaturu, moja ya kula na nyingine ya kulala."

Leo nikiisoma nacheka. Siku ile niliiona kama changamoto mbele ya mgeni. Nikaandika kwenye orodha barua yenye kichwa kilichopigiwa mstari: YAH: ONYO LA KWANZA.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa. Msengi hakuwa mkaidi. Mtani wake alikuwa amemwandikia barua ya onyo. Katika maisha yake yote, neno lolote kali kutoka kwa Mnyaturu lilikuwa mzaha, na kadiri lilivyokuwa kali ndivyo mzaha ulivyokuwa mkubwa. Alidhani mchezo umepanda daraja.

"Wanyiramba wenzangu, njooni muone," akajibu. "Mtumwa wangu amejifunza kuandika YAH."

Nikatuma onyo la pili. Akalirudisha likiwa limesahihishwa kama daftari la mwanafunzi, alama nyekundu kila mahali, na chini ameandika: "Umepata nne kati ya kumi. Rudia."

Ningeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mezani. Dakika moja tu ya kusema, "Mtani, safari hii sitanii, kuna mgeni haelewi," na yote yangekwisha. Sikupiga. Nilikuwa nimeshaonja kuwa mtu wa kuandika maonyo, na nikapenda. Nikaandika onyo la tatu na la mwisho, nikamtoa Msengi kwenye orodha, na chini ya barua nikaongeza mstari ambao ningelipa chochote kuufuta: Nakala kwa mkuu wake wa kazi.

Siku hiyohiyo akaniletea ujumbe kwenye simu: "Nimefika huku nje. Kuna kivuli kizuri. Kesho unirudishe, nina majibu ya watu." Sikujibu. Akatuma mwingine kesho yake, na mwingine wiki iliyofuata, bado anacheka. Kisha akanyamaza.

Orodha ikatulia. Barua zilianza kuandikwa hivi: "Ndugu Msimamizi, kwa heshima na taadhima naomba kuuliza." Nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo nidhamu. Ilinichukua muda kuona kwamba barua zilikuwa zinapungua, na kwamba waliobaki wanaandika walikuwa wanatangaza semina.

Zuhura alikuwa na miaka miwili kazini wakati huo, fundi wa visima vya upande wa Mgori, binti wa Itigi, baba yake alifanya kazi reli. Aliandika kwamba pampu ya jua ya kijiji kimoja inajizima kila saa sita mchana, na kisanduku cha kuiongozea kinawasha taa ya kuonyesha kisima kimekauka. Siku mbili zikapita bila jibu. Hilo halikuwahi kutokea. Nikaona nijibu mwenyewe. Nilikuwa nimeshakutana na tatizo kama hilo: maji yetu yana chumvi, chumvi inaganda kwenye kile kifaa kidogo kinachokaa kisimani kuitambua hali ya maji, nacho kinatoa taarifa ya uongo. Nikamwambia aunganishe waya zake mbili ili pampu isikisikilize.

Akaandika: "Sawa, baba. Je, nipime maji kwanza?"

Nikajibu: "Fanya kama nilivyoelekeza."

Mota iliungua siku ya tatu. Kifaa hakikuwa kinadanganya. Kiangazi kile maji yalikuwa yameshuka chini ya pampu, nayo ikazunguka kavu mpaka ikafa.

Nilikwenda. Niliwakuta akina mama wamerudi kwenye mto wa mchanga, wanachimba kwa vibuyu na kusubiri maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe, foleni ya ndoo ndefu kama harusi. Hakuna aliyenisema vibaya. Mmoja alinikaribisha maji yake ya kunywa, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Zuhura alikuwa amekaa juu ya mabomba yaliyong'olewa, mikono imejaa grisi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilihisi."

"Mbona hukunibishia, mwanangu?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kanuni ya saba, baba."

Akapangusa grisi mikononi. Kisha akasema, "Mzee Msengi angejua. Kisima hiki alishawahi kukishushia pampu, nimeona alama zake kwenye mabomba. Nilitaka kumpigia, nikaambiwa siku hizi hatoki. Amewekwa stoo."

"Kwa nini?"

"Hujui?" akauliza, kwa kweli alishangaa. "Kwa barua yako."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kinyangiri. Nilishuka kwenye pikipiki nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Msengi alikuwa uani anaanika vitunguu. Siku zote akiniona hupiga kelele kwamba fungieni kuku, Mnyaturu ameingia. Siku hiyo alipangusa mikono, akasimama wima, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Mimi na Msengi tumezaliwa mwaka mmoja.

"Msengi, usinifanyie hivyo."

"Karibu ukae, mzee. Mama Elia! Mletee mgeni kiti."

Mke wake alitoka na kiti, akanisalimia, kisha akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Shemeji, mbona huyu hajakutukana tangu umeingia? Tumefiwa na nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikatoa mfukoni barua niliyokuwa nimeiandika kwa siku mbili. Msengi alisoma kichwa chake tu, kwa sauti: "YAH: KUOMBA RADHI." Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hii nayo umempa bosi nakala?"

"Hapana."

"Ungempa. Ile nyingine ulimpa."

"Nimekuja kusema nimekosa."

"Nimesikia, mzee." Akaokota kitunguu kimoja, akakigeuza upande wa pili kikaushwe na jua, akaendelea bila kuniangalia. "Ungesema Msengi mwizi, ungesema ukoo wetu wote tunalala na mbuzi, ningecheka mpaka nianguke. Ulinitoa kwenye orodha, nikacheka. Kila siku nilikuwa namwambia mama huyu, kesho ananirudisha, nimemweza safari hii. Kisha bosi akaniita. Yeye katoka mbali, habari za Wanyaturu na Wanyiramba hazijui. Akaniuliza, 'Ni kweli unawaita wenzako watumwa?' Nikasema kweli. Ningesema nini? Nikamwambia ni utani. Akanionyesha barua. Akasema, 'Huyu unayemtania ndiye aliyeandika hii. Sasa huo utani ni wa nani?'"

Akageuza kitunguu kingine.

"Ndipo akaniweka stoo," akasema.

Tulikula kuku na ugali wa mtama, na Msengi akanipa paja, akaninawisha mikono kama askofu. Sijawahi kula kuku mtamu na nikashindwa kummeza namna ile. Wakati wa kuondoka Mama Elia ndiye aliyenisindikiza mpaka njiani.

"Shemeji, huyu hataki barua," akasema. "Ile barua iliingia kwa bosi wake. Na wewe ingia humohumo, kwa miguu yako."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mkuu wake kabla ofisi haijafunguliwa. Alikuwa kijana kuliko sisi, mtu wa haki, na alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza utani wetu tangu babu zetu. Nilimweleza nyama ya siku ya kwanza.

"Kwa hiyo mnatukanana kwa hiari," akasema.

"Kwa furaha, mkuu."

"Na safari hii ukakasirika."

"Sikukasirika. Nilijifanya nimekasirika ili nionekane msimamizi."

Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima. "Mzee, umri wote huo," akasema. Nilistahili. Wiki hiyohiyo Msengi akarudishwa vijijini.

Nilipotoka pale nikaandika kwenye orodha barua isiyo na kichwa cha habari. Nilitaja makosa yangu moja moja: kwamba niliandika kanuni peke yangu, kwamba sikupiga simu, kwamba nilipeleka mambo ya orodha kwa mwajiri wa mtu, na kwamba mota ya Mgori niliiunguza mimi, si Zuhura. Nikasema kanuni zote kumi na mbili zimefutwa, na nikaomba wanachama waniambie tuishi vipi.

Kwa saa nzima hapakuwa na kitu. Kisha Zuhura akaandika: "Baba, ya saba ilikuwa imeshakufa kisimani. Tuanze upya." Baada ya hapo barua zilimiminika kwa siku nne. Mafundi ambao sikuwahi kusoma neno lao walijitokeza. Mmoja wa Manyoni alisema aliogopa kuuliza maswali ya kijinga kwa sababu wakubwa huwa wanajibu kwa ufupi wa dharau, tukakubaliana kwamba anayejibu ajibu kama anayejua muulizaji amesimama juani mbele ya kijiji kizima. Zuhura alitaka kila anayetoa ushauri aseme kama amepima au anakisia. Hiyo niliiunga mkono kabla hajamaliza sentensi. Tukaamua kwamba onyo la kwanza ni simu, kwa sauti ya mtu, kabla ya maandishi yoyote, na kwamba jambo la orodha haliendi kwa mwajiri wa mtu kamwe, isipokuwa labda pampu inaua watu. Msimamizi akiwa ndani ya ugomvi, hausimamii yeye.

Juu ya utani tulibishana kuliko yote. Wengine walitaka ufutwe kabisa. Aliyetusaidia ni Mwalimu Otieno mwenyewe. "Mngeniambia tu kwamba mnataniana," akaandika, "nisingelalamika. Ningeuliza kama na mimi naweza kupata mtani." Dakika kumi baadaye watu sita walikuwa wanamgombania, na Mgogo mmoja wa Manyoni akatangaza kwamba kwa kuwa mwalimu hana mwenyewe, ni wake. Ndipo tukaandika: utani uelekezwe kwa mtu anayeujua na anayeujibu. Akinyamaza, nyamaza. Mgeni akiingia, aelezwe kabla hajashtuka. Na siku zote jibu la ufundi litangulie, tusi lifuate. Ndizo mnazozikuta leo, na kama mnavyoona hazifiki kumi na mbili.

Nikamrudisha Msengi kwenye orodha siku hiyo, na nikasubiri. Asubuhi yake alikuwa amemwandikia Zuhura ukurasa mzima juu ya kile kisima: kiangazi maji yanashuka kiasi gani, pampu iongezewe mabomba mangapi, koki ipunguzwe vipi ili isivute kuliko kisima kinavyojaza. Mota mpya ilipofungwa walifuata maelezo yale neno kwa neno. Zuhura akatuma picha ya maji yakitoka, akina mama wameyakinga mpaka kwa kanga zao, na orodha nzima ikashangilia. Mafundi waliokuwa wamejiondoa kimyakimya wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Furaha yangu ilikuwa na kasoro moja. Nilikuwa nimemwandikia Msengi kumshukuru. Akanijibu mbele ya wote: "Ndugu Msimamizi, shikamoo. Nashukuru kwa taarifa."

Hivyo ndivyo alivyoniandikia wiki baada ya wiki. Wengine aliwatania. Mgogo wa Manyoni na Mwalimu Otieno walikuwa wanatukanwa bila kupumzika, na mimi nikawa naona wivu. Mimi nilipewa shikamoo. Nilimtupia chokochoko za kila aina, nikasema Wanyiramba wanapima kina cha kisima kwa kumtumbukiza mjomba. Akajibu: "Asante kwa mchango wako, mzee." Hakuna kanuni iliyomzuia kuniheshimu. Sikuwa na pa kumshtaki, na hata kama ningekuwa napo, nilikuwa nimeacha kushtaki.

Nikaacha kumchokoza. Nilijiambia kwamba amerudi, visima vinatengenezwa, na kwamba kilichobaki nimekipoteza kwa mikono yangu.

Mvua zilikuwa zimeshaanza pale nilipofunga mitambo ya jua kwenye kisima kimoja karibu na Mtinko. Nilitaka kuwaonyesha vijana jinsi ya kusimika nguzo za kubebea paneli, nikaomba mtu wa kijiji anipige picha nikiwa juu ya ngazi na spana mkononi, nikaituma kwenye orodha na maelezo marefu. Sikuwa nimeona kwamba nyuma yangu, juu ya msingi wa saruji, alikuwa amepanda mbuzi mmoja, amesimama imara, anatazama nguzo kwa makini.

Mchana nikafungua kompyuta ya ofisi. Kulikuwa na jibu moja.

"Nguzo zimekaa vizuri, ila ile ya kushoto kaza nati ya chini, upepo wa huko naujua. Sasa naomba kuuliza: katika hawa wawili fundi ni yupi? Maana mbuzi anaonekana ameielewa kazi. Mtumwa wangu, mpe mwenzako spana, wewe kafungwe kamba ukale majani. Msengi."

Nilipiga kelele. Karani akaja mbio kutoka chumba cha pili akidhani nimepigwa na umeme, akanikuta nimesimama katikati ya ofisi, machozi yananitoka, namwonyesha kioo cha kompyuta na kushindwa kusema. Alisoma, akasoma tena, akaniuliza kwa upole, "Mzee, mbona ametukana?"

"Ndiyo!" nikasema. "Amenitukana!"

Nikakaa chini, nikaandika kwa vidole viwili: "Nati nimeikaza. Mbuzi amekataa kazi, anasema hafanyi kazi mahali ambapo kuna Wanyiramba."

Kabla sijainuka simu ikaita. Nilipopokea hakuna aliyetoa salamu, si mimi wala yeye. Tulicheka tu, yeye Kinyangiri na mimi mjini, mpaka salio lake likaisha.